Tipeksi ya Fundi Chilewa

Tok.

Mara moja tu, tena taratibu, kama mgeni anayegonga mlango huku hana hakika kama nyumba ndiyo hiyo. Nimefanya kazi ya spana miaka kumi na minne. Nimesikia injini zikikohoa, nimesikia injini zikipasuka, nimesikia hata boneti ikimwangukia mwenye gari kichwani wakati ananifundisha kazi yangu. Lakini sauti ninayoisikia mpaka leo nikiwa nachambua mchele ni hiyo tok moja ya uani kwa Mwalimu Kalunde, pale Ihumwa. Ni sauti ya valvu kugusa pistoni. Wadogo zangu, ombeni msiisikie. Na kama lazima muisikie, muisikie mkiwa mnazungusha injini kwa mkono, siyo kwa ufunguo. Kwa ufunguo haisemi tok. Inasema maneno ambayo mama yangu hataki niandike.

Najua kuna wanaocheka kusikia mtu wa miaka thelathini na tatu anajiita mstaafu. Chekeni tu. Ngozi ya mikono yangu iligombana na oili, ikawa inapasuka kama ardhi ya Bahi mwezi wa kumi, na daktari akaniambia nichague moja, spana au ngozi. Nikaomba siku mbili za kufikiri. Alidhani natania. Sasa nafuga kuku, na nikiwa na nafasi nachora kwenye daftari gereji ambayo sijaijenga. Ina sakafu nyeupe, ina taa kila pembe, na ina choo cha wanawake chenye komeo. Mkiingia humo siku moja mtaniamkia, na nitaitikia marahaba kwa sauti ya mwenye mali.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kijana mmoja aliyenipigia simu kuniuliza kama kubadilisha mkanda wa taiming nyumbani ni kazi ngumu. Nikamwambia mkanda si mgumu, nyumba ndiyo ngumu. Akaita haloo mara mbili, nadhani akafikiri mtandao unakatika.

Nieleze kidogo kwa wale ambao bado hawajafunua injini. Mkanda wa taiming ni mpira wenye meno. Unafunga gurudumu la chini, linalozungushwa na pistoni, na gurudumu la juu, linalofungua valvu. Wawili hawa ni kama watwangaji wawili kwenye kinu kimoja. Mmoja anainua mchi, mwenzake anashusha, na wote wanaendelea kupiga soga bila kuangalia. Sasa mmoja akichelewa kidogo, michi inagongana ndani ya kinu, na hapo soga imekwisha. Ndiyo maana tunaweka alama. Alama ya juu itazamane na yake, ya chini itazamane na yake, halafu ndipo unavua mkanda wa zamani. Ukipotea jino moja gari linakwenda likilalamika. Ukipotea meno mengi, valvu zinapinda, na mwenye gari anajua jina lako mpaka la babu yako.

Siku hizi injini nyingi zina cheni, na ninyi mna simu zinazowaonyesha kila kitu. Nimeziangalia hizo video. Yule fundi wa kwenye video ana mikono mitatu, taa nne, na gari lililooshwa. Hana mteja anayemletea chai.

Maana ukifanya kazi gereji, adui yako ni vumbi. Ukifanya nyumbani kwa mtu, adui yako ni ukarimu. Kulikuwa na mzee mmoja wa Bahi, mpole kama maziwa, alikuta nimepanga boliti zangu juu ya boksi lililokunjuliwa, kila moja imechomekwa mahali pake kwa kufuata mchoro wa kifuniko. Nilipotoka chini ya gari alikuwa ameshazikusanya zote kwenye kopo moja la mafuta ya kupaka. "Zisipotee, mwanangu," akasema. Boliti ishirini na mbili, za urefu tofauti, zimelala pamoja kama wanafunzi wa bweni. Nikamshukuru. Ungefanyaje? Ameinama na mgongo wake ule kuokota moja moja.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Chilewa, Mgogo wa Mpwapwa, mrefu, mwenye kofia ya sufu hata jua la saa saba. Gereji yake ilikuwa miti minne na mabati kando ya barabara ya Ihumwa, lakini kazi nyingi tulizifuata kwa watu, kwa sababu gari la mteja wa Chilewa kwa kawaida lilikuwa limelala uani miezi na kuku wameshalizoea. Sikio lake lilikuwa la ajabu. Gari linapita barabarani, yeye anakunywa uji, anasema, "Huyo beringi ya nyuma kushoto, hafiki Morogoro." Kesho yake tunasikia hakufika Gairo.

Miaka miwili ya kwanza nilijiona mwanafunzi mwenye bahati kuliko wote Tanzania, maana Fundi alikuwa ananitahini kila dakika. Akishika spana ananiuliza, "Zena, hii namba ngapi?" Nasema kumi na mbili, Fundi. "Vizuri." Likiletwa boksi la kipuri, "Soma hapo, nione kama shule uliyoishia iliingia." Nasoma. "Vizuri." Mimi niliishia kidato cha pili, hakuna mtu aliyewahi kuniambia vizuri mara nyingi hivyo. Nilikuwa nalala nikitabasamu.

Jirani yetu alikuwa fundi cherehani aliyesimamisha sanamu nje, limevalishwa gauni la kitenge. Kila asubuhi Fundi akipita anavua kofia, anasalimia kwa Kigogo, "Mbukwa, mama." Sanamu kimya. Akifika gerejini ananung'unika, "Yule mama ana maringo." Mimi nacheka mpaka nashika mbavu, nasema mzee huyu ana utani jamani.

Na alama zake. Mafundi wengine wanakwaruza kwa msumari au wanatia kidoti cha chaki. Yeye alikuwa na kichupa cha tipeksi mfukoni, ile nyeupe ya kufutia kalamu, na alama zake zilikuwa kubwa kama mawe yaliyopakwa chokaa kando ya barabara wageni wakija. Anafuta chuma kwa petroli kidogo, anapiga tipeksi gurudumu la juu, anapiga na pembeni yake, kisha la chini vivyo hivyo. Nikimuuliza kwa nini kubwa hivi, anasema, "Alama siyo siri."

Mnaona jinsi nilivyokuwa mjanja.

Mwalimu Kalunde alikuwa mstaafu wa kweli, siyo kama mimi. Mnyamwezi wa Tabora aliyeletwa Dodoma kufundisha shule ya msingi akiwa msichana, akaolewa hapa, akafiwa hapa, na akabaki na nyumba, mti wa mlimao, na gari dogo jeupe alilolipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Mkanda ulikuwa umefikisha muda wake kupita kiasi. Ulikuwa na nyufa, nyuzi zimechomoza. Fundi akaupapasa kwa kidole akasema, "Huu hauagi. Unakatika tu." Tukakubaliana Ijumaa.

Tulipoingia uani Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, miwani puani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Na huyo Mgogo uliyemwokota njiani ni nani?"

"Mpagazi," Fundi akamjibu, "mbona hujasimama kupokea mzigo? Babu zako walibeba mizigo ya watu mpaka pwani, wewe boksi la spana linakushinda?"

"Walibeba, ndiyo. Wakifika hapa kwenu wanakuta babu zako wamekalia kisima, wanakamata mizigo mpaka walipwe ushuru wa maji. Kazi hawakufanya hata siku moja."

Mgogo na Mnyamwezi ni watani, na kwa wasiojua, utani siyo kuchekeshana tu. Mtani anaweza kukwambia neno ambalo ndugu yako akilisema mnapelekana kwa mjumbe. Anaweza kuchukua kitu chako mchana kweupe, na wewe ukikasirika, mwenye makosa ni wewe. Siku ile nilidhani wanapitisha muda.

Kazi ikaanza vizuri. Tukatoa waya wa betri, tukanyanyua gari kwa jeki na kulikalisha juu ya magogo, kwa sababu jeki peke yake si rafiki wa mtu. Tukatoa tairi la mbele la kulia na mikanda ya nje. Boliti ya puli ya chini ikagoma, kama kawaida yao. Nikachomeka bomba refu kwenye spana, nikasimama juu yake, nikaruka mara tatu, Mwalimu akihesabu kwa sauti kama mazoezi ya viungo, na mara ya tatu ikaachia na mimi nikakaa chini kwa nguvu zote. Tukatoa vifuniko. Fundi akapanga alama polepole, mimi nikimsomea kama kawaida ya mitihani yetu, akatoa tipeksi, akapaka. Tukalegeza kikazio, kile kigurudumu kinachoubana mkanda usilegee, mkanda wa zamani ukatoka. Kufikia hapo kazi ngumu imekwisha, na Mwalimu akaita, "Njooni mle."

Ulikuwa ugali wa uwele na mlenda, na kuku mzima kwa watu watatu. Alitupakulia kisha akasema anakwenda kufua kitambaa, atarudi. Tukala. Tukaongezewa na msichana wa jirani aliyeleta maji. Fundi akala mpaka akafungua kifungo.

Tuliporudi uani injini ilikuwa inang'aa.

Mwalimu alisimama pembeni na ndoo ya povu na ule waya wa kusugulia masufuria, jasho linamtoka, furaha imemjaa. "Nimewasaidia kidogo," akasema. "Mafuta yale, uchafu ule, mtafanyaje kazi? Na kuna mtoto gani alipaka tipeksi humo? Miaka thelathini nimekataza tipeksi darasani kwangu. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja, uandike upya. Siyo kuficha. Kuna kidude cha juu hapo kilizunguka nikikisugua, lakini nilikirudisha."

Nikamtazama Fundi. Fundi akasema, "Ahsante, Mwalimu."

Basi hapa ndipo kosa langu lilipo, wala sitalipaka tipeksi. Niliona alama za Fundi hazipo. Lakini magurudumu yale yana alama zake tangu kiwandani. La chini lina mtaro mdogo, la juu lina kidoti kidogo cha rangi, kidogo kama punje ya mtama, na chenyewe kilikuwa kimebaki, pamoja na mkwaruzo wa pembeni unaotazamana nacho. Nikajua Fundi atatumia hizo. Na nilikuwa nimefundishwa kwamba mwanafunzi hamuulizi fundi wake swali mbele ya mteja. Nikafunga mdomo. Akapapasa la chini, kucha ikaingia kwenye mtaro, akaliweka sawa. Akapapasa la juu. Akapapasa tena. Kulikuwa na kishimo kwenye chuma, kovu tu la kuumbwa kwake. Kucha ikatulia hapo. "Lete mkanda mpya," akasema.

Tukauvika. Tukaukaza. "Zungusha kwa mkono. Mizunguko miwili, polepole. Ukikutana na kitu kigumu, usishindane nacho."

Nikatia spana chini, nikavuta. Robo. Nusu.

Tok.

"Acha," akasema, kabla mkono wangu haujajua kuacha.

Fundi akamgeukia Mwalimu, akamwomba sana atafute kitambaa kingine kikavu, cha pamba, siyo kile. Mwalimu akaingia ndani. Fundi akainama karibu yangu.

"Zena. Kuna kidoti kwenye gurudumu la juu?"

"Kipo, Fundi."

"Kiko wapi?"

"Hapo. Mbele ya pua yako."

Hakusogeza kichwa. Jua lilikuwa limeinama likimpiga usoni kwa upande, na kwa mara ya kwanza niliyatazama macho yake badala ya mikono yake. Katikati ya mboni kulikuwa na weupe, kama ule ukungu unaokaa juu ya ngozi ya zabibu kabla hujaipangusa. Macho yote mawili.

Ile mitihani yote ikanipitia kichwani kwa mkupuo. Namba ngapi hii. Soma hapo. Vizuri. Mama mwenye maringo wa kwa fundi cherehani. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na kwa kuwa nilikuwa chini ya gari la mtu, sikufanya lolote.

"Tangu lini, Fundi?"

"Tangu kabla hujaja. Ukisema kwa mtu nimekwisha. Nani atamwachia kipofu injini yake?"

"Sisemi."

"Basi tulitengeneze. Mimi sitagusa. Wewe utakuwa unafanya mtihani."

Mwalimu akatoka na kitambaa. Fundi akageuza ndoo, akaikalia kama mwenyekiti wa kamati, akasema kwa sauti ya mkutano, "Leo namtahini huyu binti. Afanye peke yake. Nataka kuona."

"Vizuri," akasema Mwalimu, akavuta kiti chake karibu. Karibu sana.

"Swali la kwanza," akaanza Fundi. "Vua mkanda. Sasa, kidoti cha juu kimepita mahali pake kwa kiasi gani?"

"Meno matatu, Fundi."

"Upande gani?"

"Upande wa Mwalimu."

"Hm. Kabla hujaligusa la juu unafanya nini?"

Hilo nililijua. "Narudisha la chini robo mzunguko, pistoni zote zikae katikati, la juu lizunguke bila kugusa mtu."

"Fanya. Umefanya? Sasa la juu. Kidoti kinatazamana na mkwaruzo?"

"Kinatazamana."

"Kweli?"

"Kweli, Fundi."

"Kweli kabisa? Usinidanganye, mtihani huu ni mkubwa."

Mwalimu alikuwa amekunja mikono. Akavua miwani, akaipangusa kwa kanga, akaivaa. "Mtihani wa ajabu huu," akasema. "Msahihishaji hana majibu."

Fundi akaivuta kofia yake mbele.

"Chilewa. Nimesimamia mitihani miaka thelathini. Mtu anayenakili namjua kwa mgongo. Shingo inakakamaa, sikio linasogea. Hapa anayenakili ni wewe."

Nikajifanya natafuta spana. Nilikuwa nimeishika.

"Mwalimu, injini ni mambo ya…"

"Hapa nimenyoosha vidole vingapi?"

"Wewe mpagazi, mimi siyo mtoto wa darasa la kwanza."

"Vingapi?"

"Vitatu."

Hakunyoosha kidole hata kimoja. Alikuwa ameshika goti.

Nilidhani Fundi atachukua kofia yake aondoke. Ingekuwa ni mimi nimesema, angeondoka na nisingemwona tena. Akaangalia chini pale alipodhani miguu yake iko, mabega yakaanza kutikisika. Nikaogopa. Kumbe anacheka.

"Mnyamwezi mshenzi wewe," akasema.

"Na wewe Mgogo mwongo. Unatembea na miwani ya miguu miwili, unaiita mwanafunzi." Akanyoosha mkono kunionyesha, kisha akashusha sauti. "Sikiliza. Hili jicho langu la kushoto lilikuwa hivyo hivyo. Mwaka wa mwisho kabla ya kustaafu nilikuwa nikisahihisha naona tatu nasoma nane. Shule ikaongoza wilaya nzima. Nikapewa cheti. Ndipo nikaogopa, nikaenda hospitali. Dakika ishirini, ganzi, wanatoa utando, wanaweka kioo. Kesho yake nikaona buibui wote wa nyumba hii."

"Kisu kwenye jicho," Fundi akasema. "Mkono ukiteleza? Sasa hivi naona kivuli, naona tipeksi. Wakikosea, sioni hata hiyo."

"Na ukikosea wewe, hapa, kwenye injini ya mtu?"

Hapo nilielewa kilichokuwa kimewekwa mezani uani pale, na haikuwa injini. Mzee alikuwa na uchaguzi wa kupoteza macho kwa siri au kuyahatarisha mbele za watu, na miaka yote hiyo alikuwa anachagua siri.

Mwalimu akainuka, akaenda kwenye boksi la spana, akalifunga, akalikalia. Lilikuwa la chuma, lililia kidogo.

"Mzigo umekamatwa," akasema. "Babu zako walikamata ya babu zangu. Binti, chukua utakazo sasa hivi za kumalizia, zilizobaki zimekwenda. Chilewa, utazikomboa hospitali. Gari likiwaka salama, Jumatatu linakupeleka mjini, mimi mwenyewe naendesha. Lisipowaka, nakurudishia boksi, na sitamwambia mtu neno."

"Huwezi kukamata spana za mtu, Kalunde."

"Nani kasema? Nenda kashtaki kwa mjumbe. Mwambie mtani wako kakuchukulia kitu."

Hakuna mjumbe Dodoma nzima ambaye angepokea kesi hiyo bila kuomba kiti cha kuisikiliza vizuri.

Nikarudi kazini. Nisikilizeni, maana hapa kuna ya kujifunza. Mkanda mpya usiukunje, usiutie oili, usiuvute kwa bisibisi. Anzia gurudumu la chini, upande usio na kikazio uwe umenyooka kabisa, halafu juu, halafu ndipo kikazio kichukue ulegevu. Nilipofanya hivyo nikazungusha kwa mkono. Mzunguko wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya, laini kama kukoroga uji. Alama zikarudi mahali pake, zote mbili. Nikazungusha miwili mingine kwa sababu ya woga. Fundi alikuwa amekuja kusimama, kiganja chake juu ya injini, anasikiliza kwa mkono.

"Uko sawa," akaninong'oneza. Halafu, taratibu zaidi, "Kwa bahati mbaya."

Tukarudisha vifuniko, puli, mikanda, tairi, waya wa betri. Mwalimu hakuondoka juu ya boksi. Nilikaa kwenye kiti cha dereva na ufunguo mkononi, nikamwona Fundi kupitia kioo, midomo yake inacheza. Nimefanya kazi na watu wengi wakiombea injini. Yule ndiye peke yake niliyemwona akiomba isiwake.

Nikageuza ufunguo. Ikashika mara ya kwanza, ikatulia, ikaunguruma vile injini inavyounguruma ikiwa haina malalamiko na mtu. Kuku wakatawanyika. Fundi akainamisha kichwa, akasikiliza sekunde kumi, akavua kofia kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba.

"Imewaka," akasema.

"Imewaka," akasema Mwalimu. "Usinywe pombe Jumapili."

Jumatatu asubuhi nilikwenda kuwaaga. Fundi alikuwa amevaa koti la harusi ya kaka yake, ananukia sabuni, haongei. Mwalimu akaendesha taratibu mpaka barabarani, akapiga honi bila sababu, wakapotea. Mimi nikachukua ufagio. Tulikuwa tumemwaga mchanga kufunika oili, na sikutaka mwenye uwanja akirudi aukute. Nikafagia. Ufagio ukagonga kitu kidogo.

Boliti. Ya kichwa cha kumi, fupi. Niliitambua palepale, ya kifuniko cha mkanda, ya kona ya juu. Nilikuwa nimeihesabu kichwani tu, sikuichomeka kwenye boksi.

Msiogope kama nilivyoogopa. Kifuniko kile kinashikwa na boliti nyingine za kutosha, gari haliwezi kudhurika kwa hiyo moja. Nilijua hivyo. Lakini ndani ya gari lile kulikuwa na mtu aliyeniamini kwa macho yake, na kazi yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa na pengo. Siku mbili sikula vizuri. Nilitembea na boliti mfukoni, nikiigusa kila mara kama jino linalouma.

Walirudi Jumatano mchana. Mlango ukafunguka, Fundi akashuka na miwani nyeusi, plasta imeshatolewa. Akasimama. Akavua miwani kidogo ingawa alikatazwa, jicho moja bado na ukungu, jingine jeusi, safi, linameta. Akaniangalia muda mrefu.

"Kumbe una mwanya," akasema.

Nikaufunika mwanya kwa ulimi.

"Miaka miwili. Na hilo ovaroli ndilo unalovaa mbele ya wateja? Na tulipopita gerejini, yule mama wa kwa fundi cherehani…" Mwalimu alikuwa ameegemea gari, amejiziba mdomo kwa kanga, machozi yanamtoka. "Hamkunistahi kabisa," akasema Fundi. "Hakuna aliyeniambia."

"Boksi lako liko ndani, Mgogo," Mwalimu akasema akijifuta. "Limekombolewa. Njoo kwanza unywe chai."

"Chai sawa. Halafu, Zena, utanifungulia boneti. Nataka kuiona ile kazi. Nataka kuiona mwenyewe, boliti kwa boliti."

"Sawa, Fundi."

Wakaingia ndani, Fundi akigusa kila kitu njiani si kwa kuhitaji tena, kwa kushangaa tu. Nikasubiri mpaka niliposikia kiti kinavutwa na kijiko kinagonga kikombe. Nikafungua boneti, nikaishikilia kwa bega isilie. Spana ya kumi nilikuwa nayo tangu asubuhi, ndani ya soksi. Nikaingiza boliti kwa vidole, mizunguko sita, nikaikaza kwa robo moja ya spana, siyo zaidi, maana kifuniko ni cha plastiki. Nikapangusa alama ya dole gumba langu kwa ncha ya kanga niliyojifunga kiunoni. Nikaishusha boneti mpaka chini, nikailalia kwa uzito wa mwili wangu wote ili ifunge bila mlio, kisha nikaenda bombani kunawa mikono.